Maswali Yenu: Haki, Maadili na Rangi, ni Mambo ya Marekani au ya Kwetu Huku Mwisho wa Reli?

Tangu ile mihadhara ya jioni ya haki, maadili na ubaguzi ianze hapa mjini meseji zenu zimejaa kwenye simu, nyingine ndefu kama hotuba, nyingine matusi matupu (hizo nimefuta). Nimechagua chache zinazoulizwa na wengi. Lugha nimeiacha kama mlivyoandika, nimepunguza tu pale mtu aliporudia.

Shikamoo Mwalimu. Rafiki yangu kanialika kwenye mhadhara wa haki na ubaguzi wa rangi, nikaenda, msemaji akaongea weee kuhusu Marekani, George Floyd, polisi, mara Afrika Kusini. Nimerudi najiuliza, sisi Kigoma weusi watupu, Mzungu mwenyewe tunamuona akipita kwenda Gombe kuangalia sokwe, hayo mambo ya rangi yanatuhusu nini? Au ndo tunaletewa matatizo ya watu?
*Binti wa Mwanga, Kigoma*

Marahaba mwanangu. Hapo wa kulaumiwa ni msemaji, si wewe. Kifo cha George Floyd pale Minneapolis Mei 2020 ni jambo zito na dunia nzima ilisimama, lakini mtu anakujaje Kigoma kuongelea rangi halafu aanzie huko, wakati angepanda tu treni akashuka Tabora angekuta habari nzima inamsubiri stesheni?

Nikusimulie basi, manake naona vijana wengi hamfundishwi kwa kirefu. Januari 1958 TANU walifanya mkutano wao mkuu Tabora na kilichowatoa watu jasho kilikuwa kitu kimoja, kura tatu. Serikali ya mkoloni chini ya Gavana Twining ilikuwa imepanga uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria hivi: kila jimbo litoe wajumbe watatu, Mwafrika mmoja, Muasia mmoja, Mzungu mmoja, na mpiga kura ni lazima apige zote tatu, ukimpigia Mwafrika wako ukaacha wale wengine kura yako imeharibika. Halafu si kila mtu anapiga, kuna masharti ya elimu, kipato au cheo, kwahiyo mkulima wa Urambo na mvuvi wa Ujiji wako nje wanaangalia. Sasa piga hesabu mwenyewe. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Waasia na Waarabu ukiwajumlisha ni kama laki moja hivi, Wazungu kama elfu ishirini, na viti ni sawa kwa sawa. Na wakubwa wakaliita jambo hilo usawa wa rangi zote! Ubaguzi ule haukuwa wa kutukanwa barabarani, ulikuwa wa hesabu, umeandikwa kwa kalamu nzuri kwenye karatasi ya serikali.

Wajumbe wengi walifika Tabora wameshaamua kususia, na ukiwaza unawaelewa, nani akubali kulazimishwa kumpigia kura mtu kwa sababu ya ngozi yake? Nyerere akawaambia tukisusia, viti vitakwenda kwa UTP, chama kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za gavana, halafu tutakaa nje tunapiga kelele huku wenzetu wanatunga sheria. Mabishano yalikuwa makali lakini mwisho mkutano ukakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha African National Congress, msimamo wake Afrika ni ya Waafrika. TANU wakaingia na hizohizo kura tatu, wakawaunga mkono Waasia na Wazungu waliowaamini, kina Amir Jamal, Sophia Mustafa, Derek Bryceson, Lady Chesham, na uchaguzi wa 1958 na 1959 ukawa wao. Ndo maana mpaka leo unasikia watu wanasema Uamuzi wa Busara wa Tabora.

Sasa hapo ndipo mhadhara wa maadili ulipaswa kuanzia mwanangu. Je, ni haki kuingia kwenye mchezo wenye sheria za kibaguzi ili uuvunje ukiwa ndani, au ukishaingia tu umeubariki? Mimi niko upande wa Nyerere ila sipendi kabisa tunavyomsimulia Mtemvu kana kwamba alikuwa mtu wa hovyo tu, manake swali alilouliza ni la kweli, na kwenye kila nchi iliyobaguliwa kuna watu waliouliza hivyohivyo, tukubali nusu mkate au tukatae sahani nzima. Alikosea kwenye jibu nadhani, kwenye swali hakukosea.

Na haikuishia hapo. Oktoba 1961, uhuru umebaki wiki chache, Bunge likajadili muswada wa uraia, baadhi ya wabunge wakataka uraia uwe wa Mwafrika mweusi tu, hao wengine wasubiri kwanza. Nyerere akawaka, akasema ukishaanza kupima uraia kwa rangi umeshafanana na wale tuliowapinga, na serikali yake iko tayari kujiuzulu muswada ukikataliwa. Hawa waliokuwa wanataka kubagua ni watu waliobaguliwa jana yake! Hilo ndo linalotuhusu. Siku nyingine msemaji akianza na Minneapolis nyoosha mkono umuulize, hilo hapa kwetu linafanana na nini? Akishindwa kujibu, basi hakujiandaa.

Mwalimu kwema? Swali fupi. Mbona kwenye hiyo mihadhara hakuna posho? Mtu umeacha kazi zako, umelipa boda, unakaa masaa mawili, unatoka na soda moja.
*Mdau, Gungu*

Soda umepata? Wengine tulipata maji.

Hapana kaka, mhadhara wa wazi si semina. Semina unaitwa, unasaini, unalipwa, na kwahiyo huulizi swali gumu kwa aliyekulipa. Hapa hakuna anayekudai hata kupiga makofi. Ila la nauli nakuunga mkono, waandaaji wapeleke vikao Ujiji, Kibirizi, Katubuka huko watu waliko, wasitukusanye kila siku ukumbi uleule wa mjini.

Mwalimu shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Kwenye mjadala wa biashara ya utumwa mzee mmoja alisimama akasema ile ilikuwa kazi ya Waarabu, sisi tulikuwa tunauzwa tu. Kijana mmoja akamjibu kwamba hata sisi tuliuzana, tena akaanza kutaja koo za watu pale mtaani, nani asili yake mngwana na nani asili yake mtumwa. Ikawa vurugu, mwenyekiti akafunga kikao. Nani alikuwa sahihi?
*Mama wa watoto wawili, Ujiji*

Marahaba dada yangu, pole kwa vurugu. Kwa upande wa historia kila mmoja alishika kipande. Kwa upande wa maadili yule kijana aliharibu, na mwenyekiti akaharibu zaidi.

Nianze na historia. Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, inapita Mpwapwa, inapita Tabora, inateremka ziwani, halafu ng'ambo kuna Manyema walikotoka pembe na watu. Mkubwa aliyejulikana hapa Ujiji alikuwa Rumaliza, jina lake Muhammad bin Khalfan. Mwingine ni Tippu Tip, huyu mzaliwa wa Zanzibar, na ukimchunguza ndo utaona ile sentensi ya "Waarabu tu" haitoshi: baba yake alikaa Tabora akamuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Sasa familia hiyo uiweke fungu gani? Biashara ilifungwa kwa ndoa, kwa urafiki na watemi, kwa bunduki na kwa nguo. Kuna watawala wa bara waliouza mateka na kuna waliopigana wasiuzwe. Na usisahau Wanyamwezi wengi waliokuwa kwenye njia ile walikuwa wapagazi huru wanaolipwa, si kila aliyebeba pembe alikuwa na mnyororo shingoni.

Lakini huyo mzee naye ana hoja ambayo hakuimalizia. Nani alikuwa ananunua? Pembe zilizopita hapa zilikwenda kuwa vibao vya piano Marekani na mipira ya biliadi Ulaya, watu wakapelekwa mashamba ya karafuu Unguja na Pemba, na karafuu yenyewe ikaliwa dunia nzima. Mkataba wa 1873 ulifunga biashara ya baharini na soko la Zanzibar, huku bara ikaendelea. Wajerumani waliingia na hadithi kwamba wanakuja kukomesha utumwa, na wala hawakuufuta, walichofanya ni kusema mtoto atakayezaliwa baada ya 1905 atakuwa huru, mama yake abaki alivyo. Mpaka Waingereza wakaja kuufuta kwa sheria 1922. Mwaka huohuo amezaliwa Nyerere! Kwahiyo si mambo ya zama za manabii haya, wapo wazee Ujiji wameshikwa mkono na bibi aliyezaliwa hana uhuru.

Hata pale kwenye mnara wa Livingstone, wageni wanaelezwa habari ya yeye kukutana na Stanley chini ya mwembe 1871, picha, basi. Kisichosemwa sana ni kwamba Livingstone alirudi Ujiji amevurugika, Julai ile alikuwa Nyangwe ng'ambo ya ziwa akashuhudia wanawake wanapigwa risasi sokoni na watu wa misafara, na bado alipokuwa mgonjwa wafanyabiashara walewale wa njia ile ndio waliompa chakula na dawa. Mpinga utumwa anakula mkate wa muuza watumwa kwa sababu bila hivyo anakufa. Mimi ningekuwa mwenyekiti ningewapa ukumbi hilo moja tu, nikawaacha wabishane mpaka isha.

Haya, sasa maadili. Kuna hatia na kuna wajibu, watu wanachanganya. Hatia ni ya aliyetenda, mjukuu wa Rumaliza hana hatia ya Rumaliza na mjukuu wa aliyeuzwa hana aibu yoyote ya kubeba. Wajibu ni kitu kingine, ni sisi tuliobaki kusema ukweli, kutunza makaburi, kuacha kucheka majina. Kijana alipoanza kutaja koo alitoka kwenye ukweli akaingia kwenye kudhalilisha. Wamanyema wa Ujiji kwa mfano, wapo ambao wazee wao walivushwa ziwa kwa minyororo, wapo waliokuja kama wapagazi au askari wa misafara, wapo waliokuja na mitaji yao, na leo mji huu huwezi kuuongelea bila wao, iwe msikitini, iwe sokoni, iwe kwenye ngoma. Unapomnyooshea mtu kidole hadharani ukasema "wewe asili yako ile" unaufanya utumwa uendelee kufanya kazi yake mwaka huu.

Mwenyekiti alitakiwa kufanya hivi: asimamishe hayo majina palepale, aseme hapa tunaongelea mfumo na matendo, hatuongelei ukoo wa jirani, halafu amrudishie mzee maiki na kijana maiki, kila mmoja atoe ushahidi wake. Kufunga kikao kumewafundisha watu wote waliokuwepo kwamba jambo hili haliongeleki, na jambo lisiloongeleka ukumbini linaongelewa msibani na kwenye harusi, tena kwa ubaya zaidi. Nilisikia mmoja kakataliwa kuoa kwa sababu hiyohiyo na si zamani.

Habari Mwalimu. Mi natokea Kasulu vijijini. Nilienda ofisi moja kushughulikia kitambulisho, nikaulizwa babu kazaliwa wapi, babu wa babu je, taja mito ya kwenu, ongea kidogo nisikie lafudhi. Mwenzangu katoka mkoa mwingine hakuulizwa hata moja kati ya hayo, kapiga picha kaondoka. Kwenye mhadhara walisema ubaguzi ni wa rangi. Huu wangu unaitwaje?
*Kijana wa Kasulu*

Kwanza pole mdogo wangu. Ofisi umefanya vizuri kutoitaja, barua yako si ya kwanza kunifikia.

Nikupe historia ya huo mpaka uone ulivyo mchanga. Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani hapa Kigoma 1916, na mwaka huohuo wakafika mpaka Tabora, na Kigoma wakakaa hadi 1921 ndo wakawaachia Waingereza. Makubaliano ya kugawana yalifanywa Ulaya 1919, Ruanda na Urundi zikaenda kwa Mbelgiji, Tanganyika kwa Mwingereza. Mha wa Kasulu na Mrundi wa ng'ambo wanaelewana wakiongea, wameoana, wamechunga pamoja, halafu wakubwa wakakaa mezani mbali huko wakachora. Wangechora kilomita kadhaa mashariki leo wewe na mimi tungekuwa tunaandikiana kwa Kifaransa. Mtu anayekuuliza babu wa babu yako alizaliwa nchi gani anakuuliza kuhusu nchi ambayo babu wa babu hakuwa nayo.

Ila niwe wa haki pia kwa upande wa pili. Mkoa wetu umepokea wakimbizi kuliko karibu mkoa wowote, kambi ya Nyarugusu iko hapa tangu 1996, na serikali ina haki ya kujua nani raia na nani si raia, hiyo haina ubaguzi yenyewe. Na Tanzania hii ilifanya jambo ambalo nchi chache zimewahi kulifanya, ilikubali kuwapa uraia Warundi kama laki moja na elfu sitini waliokuja baada ya mauaji ya 1972, wale wa Ulyankulu huko Tabora na Katumba na Mishamo, vyeti vikaanza kutolewa 2014. Kwahiyo usikubali mtu akwambie nchi hii haina moyo.

Sasa kipimo cha kujua kama umebaguliwa ni chepesi, angalia kama swali linaulizwa kwa wote. Kama kila mwombaji anaulizwa babu, basi ni usumbufu wa wote, tutalalamika wote. Kama unaulizwa wewe tu kwa sababu ya urefu wa pua, au unavyotamka maneno, au kwa sababu umetoka wilaya fulani, huo ni ubaguzi hata kama aliyekuuliza ni mweusi kama wewe na anatabasamu. Wataalamu wana majina yao ya kuutofautisha, wa rangi, wa kabila, wa asili, mimi naona ukiwa umesimama kwenye foleni tofauti hiyo haikusaidii.

Cha kufanya: Sheria ya Uraia ya 1995 haina kipengele cha lafudhi. Nenda na cheti chako cha kuzaliwa na vya wazazi kama vipo, barua ya mtendaji wa kijiji, na ukiambiwa rudi kesho omba sababu kwa maandishi. Wengi wakiombwa waandike wanagundua hawana cha kuandika. Na kwenye mhadhara ujao simama useme hivihivi ulivyoniandikia, usikae kimya kwa kuona waalikwa wana digrii.

Mwalimu, mimi ni mama wa mtoto mwenye ualbino. Watu wanaongea haki za rangi, mtoto wangu darasani anaitwa mzungu, barabarani anaitwa zeruzeru, sisi tumo kwenye hiyo mihadhara au hatumo?
*Mama, Buhigwe*

Mmo mama, na mlitakiwa kuwa wa kwanza. Nchi inayolia kubaguliwa kwa weusi wake ikageuka ikamwinda mtoto wake kwa weupe wake, hakuna mfano mzito wa ubaguzi wa rangi zaidi ya huo hapa kwetu. Miaka ile ya 2007, 2008 mauaji yalipopamba moto Kanda ya Ziwa na huku kwetu magharibi, watoto walihifadhiwa Kabanga pale Kasulu kama wakimbizi ndani ya nchi yao. Al-Shaymaa Kwegyir, naye mwenye ualbino, akateuliwa kuwa mbunge 2008, na 2010 Salum Barwany akagombea Lindi Mjini akashinda, wananchi wenyewe wamempigia kura mtu mwenye ualbino. Hilo mwambie mtoto, tena mwambie na mwalimu wake wa darasa.

Na waandaaji nawasema hapahapa. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi haoni mbali, halafu nyinyi mnaweka projekta yenye maandishi ya sisimizi na viti vya mbele mmewawekea viongozi wa meza kuu. Kikao cha nje mmepanga saa nane mchana, jua la Kigoma mnalijua, turubai moja limekaa juu ya mgeni rasmi. Haki gani mnaongelea hapo?

Mwalimu heshima yako. Ni mwalimu mwenzako, nafundisha sekondari Tabora mjini. Nataka kuanzisha jioni za mijadala hii kwa wazazi na wanafunzi. Nimeona mihadhara mikubwa ya vyuoni, maprofesa, Kiingereza, slaidi. Huku sina hata bajeti. Naanzaje ili watu wasilale?
*Mwalimu mwenzako, Tabora*

Mwalimu mwenzangu, bajeti isikutishe. Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, alifundisha Mlimani 1966 na 1967, akaenda Jamaica 1968 kufundisha chuo kikuu, na jioni alikuwa anatoka nje ya geti la chuo anakwenda kukaa na Marasta na vijana wasio na kazi uswahilini Kingston, kwenye ua wa mtu, juu ya makopo, wanaongea historia ya Afrika. Hakuna slaidi. Serikali ya Jamaica ikaogopa mazungumzo yale kuliko silaha, Oktoba 1968 alipotoka kwenye mkutano Kanada wakamkatalia kushuka kwenye ndege, na Kingston ikawaka moto kwa maandamano. Akarudi kwetu Mlimani 1969 akakaa hadi 1974. Bomu lilimuua Georgetown 1980. Hivyo ukiwa na ua na viti vya kuazima kanisani au msikitini umeshaanza.

Mihadhara mikubwa nayo usiidharau, Kigoda cha Mwalimu Nyerere kilipoanzishwa pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2008 chini ya Profesa Issa Shivji kilirudisha desturi ya watu kukaa ukumbini kubishana mambo makubwa, hadi Wole Soyinka akaja kuongea. Ila Dar ni Dar. Wewe una kitu ambacho Dar hawana, una mji wenyewe. Una njia ya misafara, una Kwihara nyumba aliyokaa Livingstone, una habari za Mtemi Isike aliyekataa kumsujudia Mjerumani mpaka 1893, una shule ya wavulana aliyosoma Nyerere, una ule mkutano wa 1958. Kila jioni chukua kimoja na swali moja. Usiweke mada "Haki na Maadili", watu watasinzia kabla hujafika koma. Weka "Mtemvu alikosea wapi?" uone watakavyokuja.

Msemaji mpe dakika ishirini, zikiisha mkatize hata kama ni mkuu wako. Kiswahili kitupu. Na hakikisha maiki inafika nyuma wanakokaa akina mama, manake wanaume wa mbele wakishika maiki hawairudishi.

Nikupe mfano wa Kibirizi. Tulikuwa tunajadili ziwa kufungwa, unakumbuka 2024, Mei 15 mpaka Agosti 15 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika upande wetu samaki wazaliane. Msemaji, kijana msomi, kaeleza vizuri tu habari ya haki kwa vizazi vijavyo, kwamba ziwa tumeazimwa na wajukuu. Akasimama mama mmoja muanika dagaa, kanga ya pili kaifunga kiunoni, mikono bado ina magamba, hakushika hata maiki, akasema: "Hao vizazi vijavyo ni watoto wangu, nakubali. Ila ni hawahawa wanaodai daftari shule zinafunguliwa Julai. Sasa wewe unayewapenda wakiwa hawajazaliwa, hawa waliozaliwa unawapa nini miezi hii mitatu?" Ukumbi kimya, halafu makofi, halafu ndo mjadala ukaanza wenyewe, kwamba kama faida ni ya wote kwa nini gharama ibebwe na muanika dagaa peke yake, mwenye friji la mgebuka mjini analipa nini, je pangekuwa na mfuko wa kuwafidia ungetoka wapi, wengine wakasema mfidie mvuvi halafu na mchuuzi na mbeba ndoo utaishia wapi. Yule kijana msomi alikuwa anaandika kwenye daftari mbiombio. Kuna vitabu vizima vya falsafa vimeandikwa kujibu swali la mama yule na bado vinabishana.

Kwahiyo usimpange mtu kama huyo aje "kutoa ushuhuda" baada ya profesa, mweke aongee kwanza, profesa ajibu. Wanafunzi wako wape kazi ya kuandika maswali siku moja kabla, wapite nyumbani kwao wawaulize bibi na babu, waje nayo kwenye karatasi. Anza saa kumi jioni kweli, si saa kumi ya Tabora. Na umeme ukikatika maiki ikazima usihangaike na fundi, wasogeze viti karibu muendelee.